Grand National si bahati nasibu: hesabu ya farasi wa mia kwa moja

Kila mwaka Aprili ikikaribia, wapenzi wa kubeti huja na swali lile lile: farasi gani wa mia kwa moja awekewe dau kwenye Grand National? Hawaulizi kama yupo farasi wa bei hiyo anayestahili dau. Hilo wamekwisha kuliamua. Wanachotaka ni jina. Ukiwauliza wamefikaje hapo, jibu ni kwamba mbio hizi za Aintree, pale Liverpool, ni bahati nasibu tupu. Viunzi ni 30, masafa ni karibu kilomita saba, farasi wanaanguka ovyo, kwa hiyo yeyote aweza kushinda na mjanja ni yule anayechukua bei kubwa kuliko zote. Imani hii imeota mizizi kiasi kwamba hata wachambuzi hulipwa kuirudia. Ni imani potofu, na inawalia watu fedha mwaka baada ya mwaka. Swali lilipokosewa, hakuna jina litakaloliponya.

Tuichukue imani hiyo kama ilivyo, tuipime. Tangu mwaka 2024 farasi wanaoruhusiwa kuanza ni 34, badala ya 40 wa zamani. Kama kweli mbio hizi ni bahati nasibu, kila farasi ana nafasi moja kati ya 34, na bei ya haki kwa kila mmoja wao ni 33 kwa 1. Kampuni ya kubeti inayokupa 100 kwa 1 juu ya farasi wa namna hiyo itakuwa inagawa fedha zake bure: ungewawekea dau farasi wote wa bei hiyo, kila mwaka, na kwa muda mrefu ungevuna karibu mara tatu ya ulichotoa. Kampuni hizo zina wataalamu wa hesabu na zimekuwa zikipokea madau ya mbio hizi kwa vizazi kadhaa. Zingekwisha kufilisika, na hazijafilisika. Kwa hiyo anayesema mbio ni bahati nasibu anasema pia, bila kujua, kwamba watu wanaoishi kwa kupanga bei hawajui kugawanya. Ukweli ni kwamba bei ya 100 kwa 1, ambayo kwenye simu zetu huandikwa 101.00, inamtaka farasi ashinde zaidi ya mara moja katika kila mbio 101 ndipo mchezaji aambulie kitu. Na hapo hatujagusa faida ya kampuni. Zigeuze bei za farasi wote 34 kuwa asilimia, uzijumlishe: jumla huvuka 100 kwa mbali. Ziada hiyo ndiyo mapato ya kampuni, na haibebeshwi farasi wote sawasawa. Farasi wa mkiani ndio wanaobebeshwa zaidi, kwa sababu anayetafuta muujiza habishani na bei.

Watetezi wa imani hii hukimbilia historia, basi twende huko huko. Washindi wa bei ya 100 kwa 1 ni watano: Tipperary Tim mwaka 1928, Gregalach 1929, Caughoo 1947, Foinavon 1967 na Mon Mome 2009. Majina hayo hutajwa mara nyingi hadi yakaonekana mengi. Yahesabu. Kuanzia 1928 hadi 2025, ukiondoa miaka mitano ya vita, mwaka 1993 ambapo mbio zilibatilishwa baada ya kuanza vibaya, na mwaka 2020 wa Korona, mbio zilizokamilika ni 91. Watano katika 91. Na tangu Foinavon hadi 2025 zimekimbiwa mbio 56, mshindi wa bei hiyo akiwa mmoja tu. Aliyewawekea shilingi elfu moja farasi wawili wa 100 kwa 1 katika kila moja ya mbio hizo ametoa shilingi 112,000 na kurudishiwa 101,000. Amepata hasara akiwa amemshika mshindi pekee aliyekuwepo! Wala wa bei hiyo huwa si wawili. Miaka mingi huwa wengi zaidi, na kila anayeongezeka anaongeza hasara.

Halafu tazama washindi hao walipatikanaje. Mwaka 1928 farasi Easter Hero alikwama juu ya kiunzi cha Canal Turn, ambacho wakati huo kilikuwa na mtaro mbele yake, na waliomfuata wakarundikana hapo. Kati ya farasi 42 walioanza, wawili tu walimaliza, na wa pili, Billy Barton, alimaliza baada ya kuanguka na kupandwa upya. Mwaka uliofuata walianza farasi 66, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena. Mwaka 1947 walianza 57, na ukungu mzito ulifunika uwanja. Mwaka 1967 farasi Popham Down, aliyekuwa anakimbia bila mpandaji, alikatiza mbele ya kiunzi cha 23 na karibu kundi zima likazuiliwa. Foinavon alipita kwa sababu alikuwa nyuma sana kiasi kwamba mpandaji wake, John Buckingham, alipata nafasi ya kuona pa kupita. Udhaifu wake ndio uliomwokoa. Lakini wanaopenda kusimulia kisa hiki huacha nusu yake ya pili: aliyemfuata mstarini ni Honey End, farasi aliyekuwa akipigiwa upatu kuliko wote, na wa tatu ni Red Alligator, aliyeshinda mbio hizo hizo mwaka uliofuata. Hata katika vurugu kubwa kuliko zote, farasi wazuri waliinuka wakaja hadi mwisho. Kiunzi chenyewe leo kinaitwa Foinavon, na hiyo ni dalili ya jinsi tukio lilivyokuwa la nadra: jambo la kila siku halipewi jina.

Hoja inayopaswa kuufunga mjadala ni kwamba mazingira yaliyozaa ajali hizo yameondolewa moja baada ya jingine. Mtaro wa Canal Turn ulifukiwa. Kiunzi cha Becher's Brook kilirekebishwa baada ya vifo vya farasi wawili mwaka 1989, kisha kikarekebishwa tena. Mwaka 2013 mbao ngumu zilizokuwa ndani ya viunzi zilibadilishwa kwa plastiki inayonepa. Mwaka 2024 idadi ya farasi ilipunguzwa, kiunzi cha kwanza kikasogezwa karibu na mahali pa kuanzia ili wasikifikie kwa kasi kubwa, na kiwango cha chini cha alama za ubora wa farasi kikapandishwa kutoka 125 hadi 130. Matokeo yake yalionekana mwaka huo huo: kati ya farasi 32 walioanza, 21 walimaliza, saba walisimamishwa na wapandaji wao, wanne walipoteza wapandaji, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa kuwa ameanguka. Mshindi, I Am Maximus, alikuwa miongoni mwa waliopigiwa upatu, kama alivyokuwa Corach Rambler mwaka 2023. Anayeweka dau leo akitegemea vurugu za 1928 anaweka dau juu ya uwanja ambao haupo tena. Na Mkenya ndiye wa mwisho wa kuamini kwamba viunzi hufuta ubora. Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zilirithi sura yake kutoka kwa farasi, na Kenya ilishinda dhahabu ya wanaume katika kila Olimpiki iliyoshiriki kuanzia Amos Biwott mwaka 1968 hadi 2016. Hakuna aliyeita hiyo bahati.

Hapo huja pingamizi: mbona Auroras Encore alishinda mwaka 2013 kwa 66 kwa 1, Noble Yeats mwaka 2022 kwa 50 kwa 1, na Rule The World mwaka 2016 pamoja na Nick Rockett mwaka 2025 kwa 33 kwa 1? Pingamizi hili lina uzito, na linastahili jibu kamili. Kwanza, tumeshaona kwamba katika kundi la farasi 34, bei ya 33 kwa 1 ni ya farasi wa wastani. Kumwita asiyetarajiwa ni kusahau ukubwa wa kundi. Pili, soma rekodi zao kabla ya siku yenyewe. Auroras Encore alikuwa wa pili katika Grand National ya Scotland mwaka uliotangulia, akishindwa kwa urefu wa kichwa. Rule The World hakuwa ameshinda mbio yoyote ya viunzi vikubwa, lakini alikuwa wa pili katika Grand National ya Ireland mwaka 2015. Nick Rockett alitoka kushinda mbio mbili kubwa mfululizo nchini Ireland, Thyestes na Bobbyjo, na mkufunzi wake, Willie Mullins, siku ile alitoa farasi watatu wa kwanza. Noble Yeats alidharauliwa kwa sababu ya umri: kabla yake hakuna farasi wa miaka saba aliyekuwa ameshinda tangu Bogskar mwaka 1940, na wengi wakaigeuza takwimu hiyo kuwa sheria. Hata Mon Mome alikuwa amemaliza wa kumi mwaka 2008, kwa hiyo masafa hayakuwa mageni kwake. Wahenga walisema, vyaelea, vimeundwa. Hakuna kati ya hawa aliyeokotwa mkiani kwa kufumba macho. Walikuwa na ushahidi, na umma uliukadiria chini ya thamani yake.

Pingamizi la pili husema dau ni dogo, basi kuna hasara gani? Hasara ipo, na imepimwa. Tangu mwaka 1949 mwanasaikolojia Griffith alionyesha, kwa matokeo ya mbio za Marekani, kwamba wachezaji huweka fedha nyingi mno juu ya farasi wenye nafasi finyu na chache mno juu ya wenye nafasi nzuri. Mwaka 2010 wachumi Snowberg na Wolfers walipitia mamilioni ya matokeo ya huko huko Marekani. Aliyewawekea dau farasi wa 100 kwa 1 na kuzidi alipoteza takriban senti 61 katika kila dola; aliyechagua kwa kubahatisha alipoteza 23; aliyemfuata anayepigiwa upatu alipoteza kama tano na nusu. Zilikuwa mbio za aina nyingine, na Grand National ina mambo yake, lakini mwelekeo huo umeonekana hata katika bei za kampuni za Uingereza. Angalia vizuri: wote watatu wanapoteza. Ila mpenda miujiza anapoteza karibu mara tatu ya yule anayechagua bila kufikiri kabisa. Udogo wa dau hauibadilishi asilimia hiyo, unaificha tu.

Swali sahihi, basi, ni hili: je, nafasi ya farasi huyu ni kubwa kuliko bei yake inavyosema, na kwa nini wengine hawajaiona? Njia za kulijibu ni chache. Anza na pumzi: tafuta aliyemaliza karibu na mbele katika mbio za zaidi ya kilomita tano, hasa Grand National za Ireland, Scotland au Wales. Kisha miguu: mwenye historia ya kuanguka mara kwa mara mwache. Kisha uzito ambao farasi hubebeshwa kulingana na ubora wake: hupangwa Februari, kwa hiyo aliyeimarika baada ya hapo anabeba mzigo mwepesi kuliko anaostahili sasa. Usimtupe farasi bora kwa sababu tu amebebeshwa uzito. Many Clouds alishinda mwaka 2015 akiwa na karibu kilo 74, na Nick Rockett na kilo 73 na nusu. Angalia mvua na hali ya udongo asubuhi ya mbio. Ukipenda bei ya kati, gawanya dau mara mbili, nusu ya ushindi na nusu ya kuwa miongoni mwa wanne wa kwanza, na linganisha kampuni, kwani baadhi hulipa hadi nafasi ya tano au ya sita. Ukiweka mapema, soma masharti: farasi asipokimbia, mara nyingi dau limekwenda. Mbio za farasi za kompyuta zinazorushwa kwenye vibanda vya kubeti ziache kabisa. Hazina farasi wala rekodi, na hakuna uchambuzi unaoweza kuzisaidia. Weka kiasi ambacho kikipotea hakigusi kodi ya nyumba wala ada ya mtoto.

Farasi wa mia kwa moja atashinda tena siku moja, na siku hiyo waliomchagua kwa jina lake au kwa rangi ya jezi ya mpandaji watashangilia kana kwamba wameonyesha ujuzi. Ushindi wao hautairekebisha hesabu ya wote waliowatangulia. Kabla ya kubonyeza kitufe, eleza kwa sentensi moja kwa nini bei ya farasi wako imekosewa. Kama sentensi hiyo huna, tazama mbio kwa raha zako na fedha zibaki mfukoni.