Sola ya nyumba: nunua onduleri ya kesho na batri ya leo

Bukavu, Butembo, Uvira, Bunia: kila pahali paneli za sola zinaonekana juu ya mabati. Kuna wenye hawana waya ya SNEL hata moja, na kuna wenye wako nayo lakini delestaje inawalaza giza. Shida ni kwamba familia nyingi haziwezi kununua vyote siku moja. Leo paneli, mwezi ujao batri, kisha onduleri. Mwaka unapita, batri imekufa, na onduleri inalia mangaribi watoto wakiwa mbele ya televizyo.

Mara nyingi batri haina kosa. Kosa ni hesabu ambayo haikufanywa mbele ya kwenda ku soko.

Wati na wati-saa si kitu kimoja

Wati ni nguvu ambayo chombo kinavuta kwa mara moja. Wati-saa ni kile kinachokula kwa muda wote kinapowaka. Onduleri, ile mashini ambayo wengine wanaita konvertisere, inachaguliwa kwa wati. Batri inachaguliwa kwa wati-saa. Mwenye kuchanganya hizo mbili anapoteza dola zake.

Tuseme familia moja iko na ampule 6 za wati 7, zinawaka saa 5: hiyo ni wati-saa 210. Televizyo ya wati 60 kwa saa 4: 240. Dekoda ya wati 20 kwa saa 4: 80. Ordinatere ya wati 50 kwa saa 2: 100. Simu 5: karibu 50. Jumla ni wati-saa 680 kwa siku. Ongeza robo, sababu onduleri na waya vinakula pia. Inafika 850.

Batri: usihesabu yote

Batri ya risasi, pamoja na ile ya jeli, haifai kumalizwa. Ukivuka nusu kila usiku, unaiua. Kwa hiyo kwa kula 850, unahitaji batri ya 1700. Batri 2 za volti 12 na ampea-saa 100, zikifungwa moja nyuma ya ingine kupata volti 24, zinatoa 2400. Hapo familia inalala bila wasiwasi. Batri ya litiamu inaweza kutumika karibu 80 kwa mia, kwa hiyo ile ya wati-saa 1280 inatosha, hata kama bei yake inaumiza mwanzoni.

Ku magazini, inua batri mbele ya kulipa. Ile ya risasi ya ampea-saa 100 inakaribia kilo 30. Ukiibeba kama mfuko wa sukari, iache pale.

Onduleri: kubwa sana nayo inakula

Vyombo vyote vya familia yetu vikiwaka pamoja havifiki wati 250. Lakini mama anawaza frigo dogo kwa mwaka ujao. Frigo la wati 100 linaweza kuvuta mara 5 ao 6 ya hiyo wakati motere inaanza. Kwa hiyo onduleri ya wati 1000, volti 24, inafaa leo na kesho. Muulize fundi kama inatoa umeme laini kama wa SNEL (sinusi safi), sababu motere ya frigo inateseka na umeme mbaya.

Muuzaji atasema: «Papa, kamata ya 3000, kubwa ni muzuri.» Angalia vizuri. Onduleri kubwa inaweza kula wati 25 bure, hata kama hakuna kitu kinawaka. Kwa saa 24 hiyo ni 600, karibu sawa na chakula cha nyumba nzima. Hata ile ya 1000 izimwe watu wakienda kulala, mpaka siku frigo litafika.

Na pasi ya umeme? Hiyo peke yake inavuta wati 1000 na zaidi. Pasi ya makala ibaki.

Kwa nini volti 24

Wati 1000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 80 ndani ya waya. Kwa volti 24 ni nusu yake. Waya nyembamba yenye ampea nyingi inapata moto, na nyumba za mbao zinaungua haraka. Weka fizible karibu na batri, na batri za risasi zikae pahali penye hewa, mbali na watoto. Mwenye kuanza na volti 12 na kisha kutaka kupanua, mara nyingi anabadilisha onduleri nzima.

Nini inaongezwa, nini haiongezwi

Tuhesabu jua kali saa 4 kwa siku, sababu ya mawingu na miezi ya mvua. Paneli 2 za wati 150 zinatosha kwa kuanza. Nunua regilatere ya ampea 30 toka mwanzo: siku frigo litafika, utaongeza paneli zingine 2 za aina ile ile bila kubadilisha kitu.

Batri za risasi haziko hivyo. Usifunge batri mpya pamoja na ya miaka 2. Ile nzee inavuta mpya chini, na zote zinakufa pamoja. Tumia za leo mpaka zichoke, kisha ununue mbili kubwa zaidi kwa mara moja, za aina moja na umri mmoja. Frigo linakula wati-saa 600 kwa siku? Utahitaji za ampea-saa 150 kila moja.

Kwa kifupi: waya, regilatere na onduleri vinunuliwe kwa nyumba ya kesho. Batri inunuliwe kwa nyumba ya leo. Na hesabu ifanywe nyumbani, na kalamu, mbele ya kuita fundi.