Saa nane na nusu angani, siku tatu njiani

KUTOKA Nairobi hadi Amsterdam, Uholanzi, ni takriban kilomita 6,700 kwa ndege. Ndege kubwa humaliza safari hiyo kwa saa nane na nusu hivi, pamoja na muda wa kupaa na kutua.

Mkulima akisikia hivyo hudhani waridi lililokatwa Naivasha leo litauzwa Ulaya kesho alfajiri. Hapo ndipo hesabu huharibika.

Kwanza, saa za ratiba hudanganya. Ndege inayoondoka Nairobi saa 6 usiku hufika Amsterdam yapata saa 12 na nusu asubuhi wakati wa majira ya baridi. Utadhani imetumia saa sita na nusu. Sivyo. Majira hayo Uholanzi huwa nyuma ya Kenya kwa saa mbili; majira ya joto huwa nyuma kwa saa moja.

Pili, muda mwingi huishia ardhini. Tuchukue mfano wa waridi lililokatwa Jumatatu asubuhi. Hutiwa majini, huwekwa kwenye chumba baridi, huchambuliwa kwa urefu wa shina, kisha hufungwa katika katoni. Lori lenye jokofu hulipeleka uwanja wa JKIA, ambako hukaguliwa na maofisa wa KEPHIS. Likipakiwa Jumanne usiku, hutua Jumatano asubuhi, hukaguliwa tena, na kuingia mnadani Aalsmeer Alhamisi alfajiri. Hizo ni siku tatu.

Katika mnada huo bei huanzia juu na kushuka hadi mnunuzi wa kwanza abonyeze kitufe. Ua lililonyauka halina wa kulikimbilia.

Mwezi Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull nchini Iceland ilirusha majivu, na anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa takriban siku sita. Umbali haukuongezeka hata kwa kilomita moja, lakini maua na mboga za Kenya ziliharibika maghalani, na maelfu ya vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani.

Mazao nayo hayalingani kwa uvumilivu. Parachichi, likivunwa kabla ya kulainika, huweza kukaa majuma kadhaa melini kutoka Mombasa. Maharagwe machanga ya Mwea hayawezi. Ni lazima yapande ndege.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba na kampuni ya kuuza nje, mkulima mdogo aulize mambo matatu. Gari la kukusanya mazao litafika saa ngapi? Je, kituoni kuna chumba baridi, au angalau kivuli? Na ndege ikichelewa baada ya mazao kupimwa na kupokelewa, hasara ni ya nani?

Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Rubani hawezi kurudisha saa ambazo mazao yamepoteza juani kando ya barabara.