Mabula wa Kiangazi

Shule zikifunguliwa Januari, mzazi wa Kawajense, hapa Mpanda, anayempeleka mtoto kuandikishwa darasa la kwanza huulizwa majina matatu: la mtoto, la baba yake na la babu. Hilo la tatu ndilo litakalomfuata mtoto kwenye cheti cha kumaliza shule, kwenye kitambulisho cha NIDA na siku moja kwenye hati ya kiwanja. Hutajwa haraka haraka, foleni ikisukuma nyuma, na ndani yake kuna historia ambayo hakuna anayeuliza.

Chukua Mabula. Kwa Wasukuma, waliohamia mkoa wetu wa Katavi na mifugo yao kutoka Shinyanga na Mwanza, huyo ni mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Msichana huitwa Kabula. Bujiku kazaliwa usiku. Kulwa na Doto ni pacha, na anayewafuata tumboni ni Shija. Majina haya yalikuwa mali ya mtu mwenyewe: yalieleza alivyoingia duniani, siyo alizaliwa na nani. Leo Mabula akiwa babu, wajukuu wake wote ni Mabula, hata yule aliyezaliwa Agosti vumbi la Mpanda likiwa limetanda juu ya mabati.

Kwa majirani zetu wa Katumba mabadiliko ni makubwa zaidi. Wengi ni watoto na wajukuu wa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipokea uraia wa Tanzania. Desturi ya Burundi haikuwa na jina la familia kabisa. Baba aliweza kuitwa Hakizimana, yaani Mungu ndiye aponyaye, na wanawe kila mmoja akawa na lake: wa saba Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, wa kumi Bucumi. Pacha ni Bukuru na Butoyi. Ukisikia jina la mtu hukumjua baba yake, ila ulijua zamu yake ya kuzaliwa, au jambo ambalo mzazi alimwambia Mungu, na pengine neno alilotaka jirani alisikie. Sasa fomu inadai jina la babu, na kifungua mimba anaandikwa Nyandwi, wa saba.

Ulaya ilipita njia hii hii. Smith wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani, Kowalski wa Poland na Ferrari wa Italia wote chimbuko lao ni uhunzi, ingawa leo wenye majina hayo ni madaktari na madereva. Denmark, mtoto wa Jens alikuwa Jensen, na mtoto wa Jensen naye akaitwa kwa jina la kwanza la baba yake, hivyo hivyo kizazi baada ya kizazi, mpaka serikali ilipoagiza mwaka 1828 kwamba jina la familia lisibadilike tena. Uholanzi iliamriwa na Napoleon mwaka 1811, Uturuki ikatunga sheria yake mwaka 1934. Kila mahali aliyesukuma ni karani: kodi, jeshi na mirathi vilihitaji jina lisilohama. Iceland pekee imeshikilia ya zamani. Binti wa Jón ni Jónsdóttir, kama Msukuma anavyosema Ng'wana Mabula, mwana wa Mabula.

Sina ugomvi na daftari. Mjane mwenye cheti kinacholingana na cha marehemu hapati taabu mahakamani. Kinachoniuma ni kwamba chemchemi yenyewe inakauka. Watoto wanaoandikishwa sasa ni Neema, Yohana, Ramadhani. Mabula mpya ni nadra. Fomu ikiendelea kuuliza babu, baada ya vizazi viwili babu mwenyewe atakuwa Yohana, na Mabula atakuwa ameondoka kwenye karatasi bila mtu yeyote kuamua aondoke.

Ndiyo maana wako wazazi ambao hawajibu swali la tatu kama lilivyoulizwa. Wanamruka babu mzaa baba, Petro au Juma, wanakwenda juu zaidi mpaka kwa yule wa mwisho aliyepewa jina la mvua, na la huyo ndilo wanalomwandikisha mtoto.