Mortal Kombat iliingia 3D, kisha miguu ikarudi kwenye mstari: juu ya nini?

Leo tuache kidogo mambo ya memware na kutafuta kazi, tuongee juu ya mchezo ambao wengi wetu vidole viliujua mapema kuliko akili: Mortal Kombat. Swali ni moja. Mchezo ukipata picha nzuri zaidi, je, unakuwa mchezo mzuri zaidi? Watu waliotengeneza Mortal Kombat walitumia karibu miaka kumi na minne kutafuta jibu. Tuone ilikuwa namna gani.

Mwaka wa 1992, kampuni ya Midway, ya kule Chicago, Marekani, ilitoa Mortal Kombat ya kwanza kwenye zile mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu. Timu ilikuwa ndogo sana, watu wanne tu, wakiongozwa na Ed Boon, aliyeandika programu, na John Tobias, mchoraji. Wakati ule Street Fighter II ilikuwa inatamba, na wahusika wake walichorwa kwa mkono. Hawa wa Chicago walifanya tofauti. Waliita watu wa kweli wanaojua kupigana, wakawavalisha, wakawapiga video, kisha wakachagua picha moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta. Ukiona Johnny Cage anarusha teke, jua kuna mtu alilirusha kweli.

Njia hiyo ilikuwa na bei yake. Kila mwendo ni mfululizo wa picha, na kila picha inakula nafasi kwenye memori. Ndiyo sababu Scorpion na Sub-Zero wanafanana kama mapacha: mwigizaji ni mmoja, nguo ni ile ile, wamebadilisha rangi tu. Huyu njano, yule bluu. Kumbe wahusika wawili wanaojulikana kuliko wote walizaliwa sababu memori ilikuwa ndogo! Tena kuna shida ya pili: picha bapa haina mgongo. Huwezi kuizungusha, vile vile huwezi kugeuza picha ya pasipoti uone kisogo cha mwenyewe.

Sasa, vipimo vitatu, ile tunaita 3D, inafanya nini? Yenyewe haiweki picha, inaweka umbo. Inachukua pembetatu ndogo nyingi, zinaitwa poligoni, inaziunga pamoja kama sanamu yenye uwazi ndani, halafu inaivalisha ngozi na nguo. Ndani inatia mifupa ambayo programu inaikunja na kuinyoosha. Kisha mashine inachora ile sanamu upya mara nyingi kila sekunde, kutoka upande wowote ambapo kamera imesimama. Teke moja likishatengenezwa, unaweza kuwapa wahusika kumi bila kuita mwigizaji tena.

Mwaka wa 1993 Sega ilitoa Virtua Fighter, na mwaka uliofuata Namco ikatoa Tekken. Hiyo michezo ilizaliwa ndani ya 3D. Michezo ya zamani ikaanza kuonekana imezeeka. Midway ilitoa Mortal Kombat 3 mwaka wa 1995, bado kwa picha za watu. Mwaka wa 1997 ndipo ikavuka, na Mortal Kombat 4. Poligoni zikaingia, na kwa mashine za wakati ule nyuso zilitoka na pembe pembe kama zimechongwa kwa panga. Lakini mapigano yenyewe hayakubadilika sana: uliweza kukwepa pembeni kidogo, ila kwa sehemu kubwa ilibaki mbele na nyuma.

Mwaka wa 2002, katika Mortal Kombat: Deadly Alliance, walivuka mto wote. Sasa mpiganaji aliweza kumzunguka mwenzake. Kila mhusika alipewa mitindo mitatu ya kupigana, miwili ya mikono mitupu na mmoja wa silaha. Watu waliupokea vizuri, tusiseme uongo. Deception ya 2004 na Armageddon ya 2006 zikafuata njia ile ile.

Basi tatizo lilikuwa wapi? Fikiria ule mkuki wa kamba wa Scorpion. Kwenye mstari, ukiona unakuja, una majibu matatu: kuruka, kuinama au kujikinga. Kila jibu lina hatari yake. Ukiruka bila sababu, anakungojea ukitua. Kwa hiyo hata Scorpion asipourusha, unauogopa, na ile hofu ndiyo inaamua usimame umbali gani. Mapigano yote ni hesabu ya umbali na wakati. Sasa ongeza jibu la nne: hatua moja pembeni. Mkuki unapita hewani, hofu inapungua, na hesabu yote inaharibika. Inabidi watengenezaji wabuni mapigo mengine, yale yanayofagia pembeni na yale yanayomfuata mtu, na kamera nayo izunguke bila kupumzika. Tekken inaweza yote hayo sababu mapigo yake yalifikiriwa kwa ajili hiyo. Silaha za Mortal Kombat zilifikiriwa kwa ajili ya mstari.

Mwaka wa 2009 Midway ilifilisika, na Warner Bros. ikanunua Mortal Kombat. Timu ya Ed Boon ikapata jina jipya, NetherRealm Studios. Mwaka wa 2011 wakatoa mchezo ulioitwa Mortal Kombat tu, kama ule wa kwanza. Picha ni 3D kabisa: nguo zinachanika na majeraha yanaongezeka kadiri unavyopigwa. Lakini miguu imerudi kwenye mstari. Kamera inazunguka pale tu ambapo haisumbui hesabu ya mchezaji, kwa mfano katika yale mapigo ya eksirei ambapo unaona mifupa ikivunjika. Ile ya 2015, ya 2019 na ya 2023 zote zimebaki hapo. Street Fighter IV, mwaka wa 2008, nayo ilikuwa imefikia jibu hilo hilo kwa njia yake.

Wengine watasema walirudi nyuma. Mimi naona walitenganisha maswali mawili yaliyokuwa yamechanganywa: mchezo utaonekana namna gani, na mchezaji ataamua nini. La kwanza lilihitaji 3D. La pili lilikuwa limekwisha kupata jibu tangu 1992.

Kwa wale wanaosoma informatike, hii si hadithi ya watoto. Kesho utaitwa mahali fulani, pengine hospitali au shule, wakuambie uhamishe daftari lao la zamani kwenye kompyuta. Kabla ya kufuta hata mstari mmoja wa lile daftari, keti karibu na yule mama anayeliandika kila siku, umuulize kila mstari unamsaidia kuamua nini. Pengine utakuta mmoja ambao kazi yote inausimamia, na ulikuwa karibu kuufuta.