MTOTO WA KAMBINI AENDAPO CHUO KIKUU

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Agosti, katika nyumba nyingi za askari na polisi hufungwa masanduku ya bati. Godoro huviringishwa, pasi hutafutwa, na mama hukaanga karanga za kutosha mwezi mzima. Mtoto anakwenda Makerere. Majirani huja kuaga, na baba, ambaye hana desturi ya kusema mengi, humwambia mwanawe, "Kasome." Neno hilo ni jema, lakini halitoshi.

Mimi nililelewa katika laini za polisi. Baba yangu alikuwa koplo. Kwetu kila jambo lilikuwa na saa yake: tarumbeta alfajiri, kufagia uwanja, ukaguzi siku ya Jumamosi. Kabla sijajua kusoma saa nilijua ni nani yuko zamu. Nilipoingia chuoni mwaka 1984 nilidhani nidhamu hiyo imo damuni mwangu. Kumbe ilikuwa imo katika tarumbeta! Hapakuwa na mtu wa kuniamsha, wala wa kuuliza nililala wapi. Mhadhiri aliingia, akasema yake, akaondoka. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka, mbali kabisa, nami nikacheza dama na kulala mchana. Mwisho wa mwaka nikaanguka somo moja, ikanipasa kulirudia wakati wenzangu wako likizo. Baba alipopata habari hakugomba. Aliuliza tu, "Afisa wako wa zamu alikuwa nani?" Nilinyamaza.

Kijana wa leo hana hata ule mwaka mzima niliouchezea mimi. Muhula ni majuma 17, na mawili ya mwisho ni ya mitihani. Mazoezi na majaribio ya katikati ya muhula nayo huhesabiwa, na alama zote hujumlishwa tangu siku za mwanzo kabisa. Hapa ndipo wengi hupotelea, kwa hiyo na tupige hesabu kidogo. Daraja la kwanza huanzia 4.40 katika 5, na daraja la pili la juu huanzia 3.60. Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu akipata wastani wa 2.50 mwaka wa kwanza, na masomo yakiwa na uzito sawa, itampasa apate 4.15 katika mihula yote minne iliyobaki ili afikie tu hiyo 3.60. Mwaka wa "kuzoea mazingira" ni ghali namna hiyo.

Na fedha je? Enzi zetu serikali ilitulipia ada, chumba na chakula. Tangu mwaka 1992 chuo kilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia, na leo hao ndio wengi. Iko mikopo ya wanafunzi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, lakini ni ya ada. Chumba cha kupanga Kikoni na sahani ya posho na maharagwe ni juu ya mzazi. Mshahara wa konstebo twaujua sote.

Mimi niliokolewa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, mtoto wa askari kama mimi. Alichukua karatasi, akachora orodha ya zamu kama ile ya ofisi ya kituo: saa za mhadhara, saa za maktaba, saa za kufua, hata saa za dama. Akaibandika mlangoni kwangu. Nilicheka, kisha nikaifuata.

Lakini kuna jambo lingine ambalo orodha haiwezi kulitibu. Mtoto wa kambini amefundishwa kutomwuliza mkubwa. Humpigia saluti, akaenda zake. Chuoni tabia hiyo, nzuri kwetu, humdhuru. Mhadhiri huwa na saa zake za kuwapokea wanafunzi ofisini, na mara nyingi hukaa peke yake. Gonga mlango, mwanangu! Mwambie, "Mwalimu, hapa sikuelewa." Hutafungwa. Mkutubi naye aulizwe, kwani katika jengo lile kubwa mwenye haya hutoka mikono mitupu.

Wako pia wazazi waonao kila klabu ni utoro. Sikubaliani nao. Julius Nyerere, aliyesomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, alijifunza kusimama na kujadiliana na wenzake kabla hajasimama mbele ya taifa. Ngugi wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi hapo mwaka 1962, wanafunzi wenzake walipoicheza tamthilia yake The Black Hermit mjini Kampala. Na mwaka 1965 kikundi cha wanafunzi kilizunguka Uganda na Kenya kikiwachezea wananchi michezo bila malipo, mingine kwa Kiswahili. Hakuna aliyepewa alama kwa kazi hizo. Klabu moja inatosha, lakini; niliwaona waliokuwa katika sita, wasionekane darasani.

Kwa mzazi nina ombi dogo. Unapompigia simu mwanao, usiulize alama peke yake. Uliza anakula nini, rafiki zake ni akina nani, na amezungumza na mwalimu yupi juma hili. Asiyeweza kutaja hata mmoja, mfuate.

Mwaka jana binti yangu alikwenda. Usiku wa kufunga sanduku alichora orodha yake, nami sikumwambia kitu. Penye nafasi ya afisa wa zamu aliandika jina lake mwenyewe. Babu yake, koplo mstaafu, aliisoma polepole huku miwani imemshuka puani, akauliza kwa nini Jumapili mchana hapana kitu.

"Hapo nitalala, Babu," akajibu.

Mzee akatafuta kalamu, akaandika mahali pale: Ruhusa.