Kikulacho ki nguoni mwako: seli za kinga ndani ya vinundu vya ngozi



Kila nikienda likizo nyumbani naulizwa swali lile lile, tena kwa kunong'onezwa: yule jamaa aliyejaa vinundu mwilini, karogwa au ana saratani? Mara nyingi si hili wala si lile. Ni ugonjwa wa jeni uitwao nyurofibromatosi aina ya 1, alioueleza daktari Mjerumani Friedrich von Recklinghausen mwaka 1882. Humpata takriban mtu 1 kati ya 3,000, wa kila rangi na kila taifa. Hauambukizi. Na karibu nusu ya wagonjwa hawana mzazi mwenye nao, kwa hiyo ule ugomvi wa "damu mbaya imetoka kwenu" hauna msingi.

Ninalotaka kulieleza hasa ni kilichomo ndani ya kinundu chenyewe. Shuleni tulifundishwa kuwa seli za kinga ni askari wa mwili, basi. Kumbe mambo si mepesi hivyo.

Jeni inayohusika, NF1, ilitambuliwa mwaka 1990 katika kromosomu ya 17. Protini yake ni kama breki ya kuzuia seli zisizaane ovyo. Mgonjwa ana nakala moja mbovu. Sasa basi, seli ya Schwann, ile inayoivika neva, ikipoteza na nakala ya pili, breki imekatika. Inaanza kuzaana, na wakati huo huo inatoa kemikali ya kuziita seli masti. Hizi ni seli za kinga ambazo Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, zile zile zinazomwaga histamini mtu akipata mzio.

Zikifika haziuzimi uvimbe. Zinatoa kemikali zinazochochea mishipa midogo ya damu na nyuzi za kolajeni, na kinundu kinanenepa. Makrofeji, ambazo kazi yake ni kula uchafu, nazo zimo kwa wingi. Yaani walioitwa kuzima moto wamekuja na kuni. Ndiyo maana pia wagonjwa wengi hulalamika kuwashwa: histamini inadhaniwa kuwa na mkono wake.

Si kila uvimbe uko hivyo. Baadhi ya vijana huona kidoa cheusi cha ngozi kikizungukwa na duara jeupe, kisha kikafifia taratibu. Hapo seli T zimekishambulia kidoa na kukimaliza. Kinga ni ile ile, kazi mbili tofauti.

Je, tukiziondoa seli masti, kinundu kitakufa? Mwaka 2008 majaribio ya panya yaliashiria hivyo, lakini mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha panya wakiota uvimbe hata seli zao za kinga zikiwa na jeni nzima. Kwa hiyo mimi naziona kama mchochezi, si chanzo. Dawa ya kuzizuia, imatinibu, ilipojaribiwa kwa watu ilisaidia wachache tu. Selumetinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto wenye uvimbe mkubwa wa neva usiopasulika, inalenga ule mnyororo wa breki iliyokatika.

La kufanya? Mtoto mwenye mabaka 6 au zaidi ya rangi ya chai ya maziwa apelekwe kwa daktari. Vile vinundu vidogo vya juu ya ngozi havigeuki saratani. Ila ule uvimbe mkubwa wa ndani unaofuata neva unaweza kugeuka. Ukianza kukua ghafla, kuwa mgumu au kuuma mfululizo, msingoje. Na anayewashwa aseme, asione haya. Si jambo la kuvumilia kimya kimya.

Na yule jamaa, tafadhali, mpeni mkono. Hakuna cha kuambukizwa.