Ndago: Jina na Maelezo Yake

Katika mashamba ya Kisauni, Likoni na Changamwe, mkulima hana haja ya kuonyeshwa ndago. Mvua za masika zianzapo, huchomoza baina ya mihogo na mboga. Naye akiilima kwa jembe, aghalabu huwa ameieneza zaidi. Lakini mtunga kamusi akiandika kwamba ndago ni "aina ya nyasi", huwa amekosa mara mbili: hakumweleza msomaji jambo la kumfaa, na hilo dogo alilomweleza si kweli.

Wataalamu wa mimea huitenga ndago na nyasi kwa dalili zilizo wazi. Shina la nyasi kwa kawaida ni la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi lina uwazi ndani. Shina la ndago lina pembe tatu, limejaa, wala halina vifundo; mtu akilizungusha baina ya vidole viwili atazihisi pembe zake. Majani ya nyasi hujipanga safu mbili, ya ndago safu tatu. Kileleni hutokea vijisuke vyembamba vya rangi ya hudhurungi iliyoelekea zambarau, vimetawanyika kama njiti za mwavuli. Chini ya ardhi mna vijiazi vyenye harufu nzuri na ladha chungu, vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine kwa vijishina vyembamba, mithili ya tasbihi. Jembe likikata uzi huo, kila kijiazi chaweza kuchipua peke yake. Si ajabu kwamba kitabu cha mwaka 1977 kuhusu magugu mabaya ya dunia, kilichotungwa na Holm na wenzake, kiliitaja ndago kuwa ya kwanza.

Linnaeus aliiita Cyperus rotundus mwaka 1753. Neno la pili maana yake ni "-a mviringo", nalo lahusu sehemu ya chini ya ardhi, si shina. Kwa shina lingekuwa kichekesho.

Sheria za kutaja mimea huruhusu jina litokane na lugha yoyote. Mkilua, ambao maua yake yapendwa sana pwani kwa harufu, uliingia katika elimu hiyo kwa jina lake la Kiswahili mwaka 1970, Verdcourt alipouita Mkilua fragrans. Maelezo ya mmea mpya, hata hivyo, yalipasa kuandikwa kwa Kilatini, na tangu Januari 2012 kwa Kilatini au Kiingereza. Kiswahili basi chakubaliwa kutoa jina, hakikubaliwi kutoa maelezo. Sheria hiyo hatukuitunga sisi; kamusi ni zetu, na humo hatuna udhuru.

Napendekeza Cyperaceae iitwe "jamii ya ndago", ambamo mafunjo pia yamo, na fasili iwe hivi: *ndago nm [i-/zi-] mmea wa kudumu usio nyasi, wenye shina la pembe tatu lililojaa, majani ya safu tatu, na vijiazi vichungu vyenye harufu vilivyoungana chini ya ardhi (Cyperus rotundus L.).* Neno "vichungu" lisiachwe. Ndilo liitengalo ndago na nduguye, Cyperus esculentus, ambaye vijiazi vyake huota kimoja kimoja kwenye ncha za vijishina, ni vitamu, na huliwa.